Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuizuru Utrecht kwa Baiskeli Ukiwa na Mwongozaji

Utrecht, mji wa kale ulioko katikati ya Uholanzi, hauhitaji siku nyingi kuuzunguka. Kwa baiskeli, saa mbili au tatu zinatosha kumtoa mgeni kwenye kituo kikuu cha treni, kumfikisha chini ya mnara wa Dom, yaani wa kanisa kuu la mji, kumpitisha kando ya mfereji wa Oudegracht na kumrudisha alikoanzia. Hata hivyo, saa hizo huweza kumalizika mgeni akiwa hajaona kitu zaidi ya tairi la nyuma la mwenzake, kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye breki, kwenye makutano ya barabara na kwenye kengele za watu wanaotaka kumpita. Maandalizi ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja, nayo ni kuuzoesha mwili baiskeli na kuzijua kanuni za barabarani mapema, ili siku ya ziara macho yawe huru kuutazama mji.

La kwanza ni baiskeli yenyewe, hasa breki zake. Baiskeli nyingi za mjini huko Uholanzi husimamishwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, na baadhi yake hazina kabisa breki za mkononi. Shangazi yangu, aliyejifunzia baiskeli ya Phoenix huko Tanga zaidi ya miaka thelathini iliyopita, alikuwa na mazoea ya kuzungusha pedali nyuma kidogo kila alipopumzisha miguu. Kwenye baiskeli ya kukodi pale Utrecht, mazoea hayo yalimsimamisha ghafla mara mbili kabla hajafika mwisho wa mtaa, na kijana aliyekuwa akija nyuma yake alimkwepa kwa taabu. Tulirudi uani kwa wenye baiskeli, akazunguka taratibu kwa dakika kumi, akijifunza pia jambo ambalo watu hulisahau kuwaeleza wageni: kwa kuwa pedali haizunguki nyuma, huwezi kuiinua kwa ncha ya kiatu unapotaka kuondoka, bali unaisukuma baiskeli mbele kidogo mpaka pedali ifike mahali mguu unapoitaka. Baada ya hapo hakusumbuka tena. Kwa hiyo, unapoweka nafasi, uliza aina ya breki, na kama hujazizoea, omba baiskeli yenye breki za mkononi au fika mapema ujizoeze mahali pasipo na magari.

Kimo nacho kina uzito wake, kwani Waholanzi ni miongoni mwa watu warefu zaidi duniani na baiskeli zao hutengenezwa kwa kuwazingatia wao. Taja kimo chako kwa sentimita wakati wa kuweka nafasi badala ya kusubiri siku yenyewe. Ukishakaa kwenye kiti, hakikisha ncha za miguu yote miwili zinagusa ardhi. Mgeni anayelazimika kuruka chini kila taa nyekundu inapowaka huchoka kabla ya nusu ya safari, na huanguka kwa urahisi. Mwenye watoto wadogo aulize kama kuna viti vya watoto au baiskeli yenye sanduku la mbele ambamo watoto huketi. Ambaye hajawahi kabisa kuendesha baiskeli nami namshauri bila kusita kwamba aizuru Utrecht kwa miguu au kwa mashua, kwa maana njia za mji huo si mahali pa kujifunzia.

Kuhusu mavazi, wanawake wanaovaa buibui au sketi ndefu, na wanaume wavaao kanzu, wanapaswa kujua kwamba baiskeli nyingi za Kiholanzi zina kasha linalofunika mnyororo wote na kinga pembeni mwa gurudumu la nyuma, vitu vilivyowekwa makusudi ili nguo isinaswe. Siyo zote, kwa hiyo uliza. Ncha za mtandio zifungwe vizuri, na mkoba usining'inizwe kwenye usukani. Mvua huweza kunyesha mwezi wowote, na upepo huchosha kuliko mvua, kwa sababu nchi ni tambarare. Koti jepesi lisilopitisha maji na upepo ni bora kuliko mwavuli, ambao hauna kazi juu ya baiskeli. Kati ya Novemba na Machi beba glavu hata kama mchana unaonekana mzuri, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki. Zingatia pia urefu wa siku: mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, ilhali mwezi Desemba giza huanza kuingia takribani saa 10:30 jioni, na gizani sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Anayepanga ratiba kwa kufuata nyakati za sala atazame saa za siku hiyohiyo ya ziara, maana tofauti kati ya majira ni kubwa mno kwa mtu aliyezoea Ikweta.

Kanuni za barabarani ndizo zinazostahili kusomwa kwa makini kuliko yote. Uholanzi hushika kulia. Aliyekulia Bujumbura, Kigali, Lubumbashi au Maskati hatakuwa na shida. Aliyekulia Mombasa, Kampala au Mwanza anabadilisha tabia ya maisha yake yote, na kosa halitokei kwenye barabara iliyonyooka bali baada ya kukata kona, anapoingia mtaa mtupu na mkono kumpeleka kushoto bila yeye kujua. Mzunguko wa barabara, ambao Watanzania wameupa jina la kipilefti kutokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, kule huzungukwa upande wa kinyume. Dawa niliyoiona ikifaa ni kujisemea kwa sauti ya chini neno kulia kila unapomaliza kona, angalau kwa nusu saa ya kwanza.

Njia ya baiskeli mara nyingi huwa na lami nyekundu, na kibao chake ni duara la buluu lenye baiskeli nyeupe. Pale njia hiyo ilipo, itumie, na usisimame ndani yake kupiga picha. Toka kabisa, panda ukingoni, ndipo utoe simu. Barabarani utaona pia safu za pembetatu nyeupe ambazo Waholanzi huziita meno ya papa. Ncha zake zikikuelekea wewe, wajibu wa kumpisha mwingine ni wako. Zikielekea upande mwingine, wao ndio wanaokupisha. Mahali pasipo na taa, kibao wala meno ya papa, anayetokea kulia kwako hupita kwanza, hata akiwa ni baiskeli na wewe ni gari. Nyosha mkono kabla ya kukata kona. Simu mkononi imepigwa marufuku kwa wapanda baiskeli tangu tarehe 1 Julai 2019, na kofia ngumu haikulazimishwa kwa baiskeli za kawaida, ingawa hakuna anayekuzuia kuivaa, na mgeni namshauri aivae.

Maneno mawili ya Kiholanzi yatakusaidia hata bila kuijua lugha. Uitgezonderd, likiandikwa pamoja na mchoro wa baiskeli chini ya kibao cha kukataza kuingia, maana yake ni kwamba katazo hilo halikuhusu wewe wa baiskeli. Afstappen ni amri ya kushuka na kuikokota. Jambo jingine ambalo waongozaji hulisisitiza ni kwamba kundi halivushwi kwa pamoja kama msafara wa harusi: mwongozaji akipita na taa ikageuka nyekundu mbele yako, simama, naye atakusubiri ng'ambo. Ajali nyingi za kundi huanzia kwenye hofu ya kuachwa. Karibu na kituo cha treni kuna reli za tramu, nazo huvukwa kwa kuzikata moja kwa moja, kwani gurudumu likizifuata kimshazari huingia kwenye mfereji wa chuma na kumwangusha mtu. Matofali ya mitaa ya kale nayo huteleza yakilowa.

Sasa niuzungumzie mji wenyewe, maana mwongozaji husimama dakika chache kila mahali, na aliyesoma kidogo kabla hupata mara mbili ya asiyesoma. Mnara wa Dom ulijengwa kati ya 1321 na 1382 na una urefu wa mita 112. Ukifika chini yake utaona jambo linalomshangaza kila mgeni, kwamba kanisa na mnara wake vimetengana, na katikati ni uwanja ambamo watu hupita na baiskeli zao. Palikuwa na ukumbi mkuu wa kanisa hapo. Tarehe 1 Agosti 1674 tufani iliuangusha, nao haukujengwa tena. Shuka, inamisha kichwa utazame sakafu: rangi za mawe zimebadilishwa ili kuonyesha nguzo zilikosimama, hivyo unaweza kutembea kutoka nguzo hadi nguzo ndani ya jengo lisilokuwepo. Chini zaidi ya uwanja huohuo kuna mabaki ya ngome ya Warumi ya karne ya kwanza, na mistari ya chuma ardhini huonyesha kuta zake zilikopita. Kupanda mnara, ngazi 465, kunahitaji tiketi tofauti na hufanywa na mwongozaji wa mnara, kwa hiyo usidhani kumo ndani ya ziara ya baiskeli mpaka uulize.

Oudegracht, yaani mfereji wa kale, ulianza kuchimbwa mnamo 1122, mwaka ambao mji ulipewa haki zake. Mifereji ya Amsterdam iko usawa mmoja na barabara. Huu una ngazi mbili. Chini, sambamba na maji, kuna gati refu lenye milango ya maghala yaliyochimbwa kupita chini ya barabara hadi kwenye nyumba, ili shehena itolewe mashuani na kuingizwa ghalani bila kupandishwa juu. Siku hizi mengi yake ni migahawa. Baiskeli hubaki barabarani juu, na mtu asiyeshuka huona vilele vya miti tu. Mwombe mwongozaji atoe dakika kumi za kuteremka gatini, kwa sababu chini ya nguzo za taa ukutani kuna vijiwe vilivyochongwa sura na visa mbalimbali, ambavyo havionekani kwa aliye juu. Kando ya mfereji huohuo kuna shairi linaloandikwa ardhini kwa mawe, herufi moja kwa kila jiwe, na herufi mpya huchongwa na kuongezwa kila Jumamosi saa 7 mchana. Ni jambo la kupangia siku. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya masoko na msongamano, hivyo anayeogopa umati achague asubuhi ya Jumanne au Alhamisi.

Kuna habari moja ambayo Mwafrika anayezuru Utrecht hastahili kuikosa, nami ningependa kila msomaji aende na swali lake tayari. Mikutano ya amani ya 1713, iliyosaidia kumaliza vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania, ilifanyika katika jumba la jiji kando ya Oudegracht, na mabango mengi huisifu kama ushindi wa mazungumzo. Katika mapatano hayohayo Uingereza ilithibitishiwa haki ya kupeleka Waafrika watumwa kwenye makoloni ya Hispania ya bara la Amerika, 4,800 kila mwaka kwa miaka 30. Hesabu hiyo haikuwa hata ya watu: ilikuwa ya vipimo, ambapo mtu mzima mwenye nguvu alikuwa kipimo kimoja, na mtoto au mgonjwa sehemu tu ya kipimo. Mnamo Februari 2022 meya wa Utrecht, Sharon Dijksma, aliomba radhi rasmi kwa nafasi ya jiji katika utumwa. Unapoweka nafasi, uliza kama mwongozaji huizungumzia historia hii. Akikuambia haimo, omba kituo kifupi mbele ya jumba hilo. Ni ombi la haki kabisa.

Karatasi za safari zisiachwe mwisho. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au nchi jirani huhitaji viza ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya), ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Isome bima hiyo uone kama inagusa pia hasara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa barabarani, kwani hilo mara nyingi ni jambo tofauti. Hifadhi namba ya dharura, 112, na ya mwongozaji wako. Kampuni ikuambie ziara ni ya lugha gani, kundi halizidi watu wangapi, na mvua kubwa ikinyesha fedha zinarudishwa au tarehe inasogezwa.

Mwisho ni kufuli. Baiskeli ya mjini huwa na kufuli la duara linalokaza gurudumu la nyuma, na mara nyingi mnyororo wa ziada wa kuifunga kwenye chuma. Tumia vyote viwili, hata kwa dakika tano za kahawa. Ukibaki na baiskeli baada ya ziara, maegesho yaliyo chini ya uwanja wa kituo kikuu ni bure kwa saa 24 za kwanza. Yamegawanyika katika ghorofa tatu na yana nafasi 12,500, kwa hiyo piga picha ya namba ya safu yako kabla ya kupanda ngazi kwenda kwenye treni.