Mbwa au paka anapolegea kwa wiki kadhaa: namna ya kufuatilia chanzo na kujilinda

Kwa binadamu, ugonjwa wa uchovu sugu hutambuliwa kwa vigezo kama uchovu unaodumu angalau miezi 6, usingizi usioburudisha, na hali kuwa mbaya zaidi baada ya shughuli ndogo. Kwa mbwa na paka, ugonjwa huo haujakubalika rasmi katika tiba ya mifugo, kwa hiyo ulegevu wao uchukuliwe kuwa dalili ya maradhi mengine yanayopaswa kutafutwa.

Anza kwa kumchunguza mnyama nyumbani. Paka mzima mwenye afya huweza kulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Kinachotia shaka ni mabadiliko ya mazoea yake. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa usingizini, na zikizidi 30 mara kwa mara, usikawie kumwona daktari wa mifugo. Fizi zilizopauka au kuwa za manjano hazisubiri kesho. Usimpe dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kwani parasetamoli huweza kumuua paka.

Kwa daktari, omba vipimo vya damu, figo na sukari. Kwa mbwa, ulizia pia homoni za tezi ya shingo na ugonjwa wa Addison, ambao hudhoofisha tezi zilizo juu ya figo na mara nyingi hushusha sodiamu na kupandisha potasiamu. Dalili zake huja na kupotea, ndiyo maana hukosewa kirahisi. Ikiwa amewahi kuwa na kupe, apimwe Ehrlichia na Babesia, vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe, hata kama kupe hao waliondolewa miezi mingi iliyopita. Kumwandikia mnyama uchovu sugu kabla ya hatua hizi ni kumnyima tiba, na nyingi ya hali hizi zinatibika.

Je, mwenye mnyama anaweza kuambukizwa? Hakuna uthibitisho kwamba uchovu sugu wenyewe huambukizwa na mnyama, lakini baadhi ya vijidudu vya wanyama huacha uchovu mrefu kwa watu. Mfano ulio wazi ni homa ya Q, inayosababishwa na bakteria Coxiella burnetii, ambao hutoka kwa wingi katika kondo la nyuma na majimaji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mara chache ya paka na mbwa. Baadhi ya wagonjwa hubaki wamechoka kwa miezi au hata miaka baada ya homa kupoa. Kwa hiyo vaa glavu na barakoa unapomhudumia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba, na ukipata homa katika wiki zinazofuata, mweleze daktari wako tukio hilo bila kusubiri akuulize.