Mambo ya kuzingatia kabla hujavuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Holili na Taveta

Anza na ramani. Holili ipo mkoa wa Kilimanjaro, lakini si ya Moshi Vijijini kama wengi wanavyodhani kwa kuwa wameipitia Himo. Kiutawala ni wilaya ya Rombo, na makao ya wilaya yako Mkuu, huko juu kwenye migomba, kwa barabara ya Marangu. Ng'ambo, upande wa Kenya, ni Taveta, kaunti ya Taita-Taveta, ambayo makao yake yako Mwatate, karibu kilomita 90 mbele. Rombo hiyohiyo inapakana pia na kaunti ya Kajiado kule Tarakea na Illasit. Kwa hiyo mzigo ulioandikiwa kutokea Tarakea usiulete Holili; karatasi zitakurudisha ulikotoka.

Pasi ya kusafiria au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kwenye mpaka huu, hata kama umesikia Wakenya na Waganda wanavukiana nacho.

Kadi ya homa ya manjano. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, basi usichome asubuhi ya safari.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017, Tanzania tangu 2019.

Sasa muhuri, na hapa soma taratibu. Tangu 2016 kituo hiki ni cha huduma kwa pamoja: kazi yote hufanyika upande unaoingia. Ukitoka Kenya, jengo la Taveta unalipita bila kusimama; Holili ndiko utamkuta afisa wa Kenya anayekugongea kutoka, kisha wa Tanzania anayekugongea kuingia. Wengi hukwama hapohapo. Abiria anashuka stendi ya Taveta, bodaboda anamwambia panda nikuvushe, wanapita Taveta hakuna anayewauliza, naye anaamini mambo yamekwisha. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, msongamano ni mkubwa na ni rahisi kushushwa Himo bila kuingia jengo lolote. Anakaa Moshi wiki mbili kwa amani. Tatizo linamsubiri kwenye kurudi, kwa sababu afisa wa Tanzania wa kumgongea kutoka yuko Taveta, na akifungua pasi haoni muhuri wa kuingia. Kisheria mtu huyo aliingia kwa njia ya panya. Hata tiketi ya basi haimsaidii; ni faini, au mahakamani. Usiondoke dirishani kabla hujaona mihuri miwili, tarehe ya siku hiyo, na idadi ya siku ulizopewa. Siku hizo zisome mwenyewe, usikisie.

Wenye gari: kadi halisi ya gari (logbuku kwa Wakenya), bima ya COMESA (ya gari linalovuka mipaka), na kibali cha muda cha forodha. Gari likiwa la mwenzako au bado lina mkopo, beba barua ya idhini ya mwenye jina kwenye kadi. Kibali kina tarehe ya mwisho. Kikipita, gari linazuiwa hata kama dereva hana kosa lingine.

Wafanyabiashara wadogo, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi) kinachotolewa hapohapo forodhani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Kibali cha afya ya mimea kwa nafaka, mboga na matunda bado unatakiwa uwe nacho, na kodi nyingine za ndani zinabaki palepale.

Mahindi yapime kabla ya kukodi lori. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu kwenye nafaka), na ilipofungua ikadai cheti kinachoonyesha kiwango kiko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Gunia moja bichi katikati ya lori hupasha moto yaliyo jirani, na sampuli ikichotwa humo shehena nzima inakataliwa. Gharama za kulaza gari ni zako.

Fedha badilisha dukani au benki, si kwa wanaokimbilia dirisha la gari. Mzigo wa mtu usiyemjua usiubebe, hata kama ni kifurushi cha dawa za mgonjwa. Na kama unaendelea hadi Voi, toka Taveta mapema: barabara inakatiza Tsavo Magharibi, na tembo huvuka lami jioni bila taa wala onyo.