Bajeti ya jimbo la Washington na nyumba za kutunzia wazee: namna ya kupeleka sauti yako kabla hesabu hazijafungwa

Nyumba yangu ina wakazi sita, na wanne kati yao wanalipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kugharamia matibabu na utunzaji wa watu wa kipato kidogo. Bei ya hao wanne sipangi mimi. Inapangwa Olympia, makao makuu ya jimbo, ndani ya bajeti ya jimbo, na kwa miaka mingi niliipokea kama mvua: ikinyesha nashukuru, isiponyesha navumilia. Siku niliyoamua kwenda kuzungumza ilikuwa Aprili, na mambo yalikuwa yameshakwisha. Nawaandikia dada na kaka zangu wenye nyumba kama yangu, nanyi mnaoshika zamu humo, msichelewe kama nilivyochelewa.

Anza kwa kuelewa pesa inavyotembea. Medicaid hailipi chumba wala chakula. Hivyo mkazi huchangia kutoka kwenye mapato yake. Inacholipa ni utunzaji: kuogesha, kuvalisha, kusimamia dawa, kumgeuza usiku asiyejiweza. Kiwango hutegemea tathmini ya kila mkazi. Kwa kawaida karibu nusu ya malipo hayo hutoka serikali ya shirikisho na nusu hutoka jimboni. Maana yake, jimbo likikata dola moja, utunzaji unapoteza kama dola mbili. Hoja hiyo wabunge huielewa haraka, kwa hiyo itangulize.

Kisha shika kalenda, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Bajeti ni ya miaka miwili na huanza Julai 1 ya mwaka witiri, kama 2025 au 2027. Sisi wenye nyumba za wakazi wachache tuna baraza linalojadiliana na jimbo kwa niaba yetu. Ombi la fedha za makubaliano hayo linatakiwa kufika ofisi ya fedha ya Gavana kufikia Oktoba 1 kabla ya kikao cha Bunge, na Bunge hulikubali au kulikataa lote kwa pamoja. Haliwezi kuchagua kipande. Kwa hiyo jambo linalokuuma lipeleke kwenye baraza mapema, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea. Makao makubwa, yale yenye leseni ya assisted living, hayana meza hiyo ya majadiliano. Mkifanya kazi huko, vita yenu yote iko bungeni.

Desemba Gavana hutoa pendekezo lake. Bunge hufunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari na kukaa siku 105 katika mwaka witiri, siku 60 katika mwaka shufwa, ambapo bajeti hurekebishwa tu. Katika mwaka witiri, makadirio ya mapato ya jimbo yakishatoka mwezi Machi, Seneti na Baraza la Wawakilishi kila moja huweka bajeti yake mezani. Baada ya hapo wanaoamua ni wachache. Wewe fika Januari au Februari. Una seneta mmoja na wawakilishi wawili. Waandikie wote watatu, na uwakaribishe waje waone nyumba.

Uende na hesabu yako mwenyewe. Mimi hutumia zamu ya usiku. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara wa jimbo kilikuwa dola 16.28 kwa saa. 2025 kikawa 16.66. Tofauti ni senti 38, na mtu anaweza kuidharau. Lakini zamu yenye urefu wa saa kumi kila usiku, mwaka mzima, inaongezeka dola 1,387, kabla ya kodi na bima. Mshahara huo hupanda kila Januari kufuata gharama za maisha, kwa mujibu wa sheria. Malipo ya Medicaid hayapandi yenyewe, yanasubiri bajeti. Na wafanyakazi wangu wanastahili kila senti, hilo nalisema wazi nikiwa mbele ya kamati.

Kisha weka mtu ndani ya hesabu. Kuna mzee kwangu anayeamka saa tisa usiku kutafuta viatu, akiamini anachelewa kazini. Bila mtu aliye macho, angetoka nje kwenye baridi. Nasimulia hivyo tu. Jina lake silitaji, wala ugonjwa wake, wala chochote cha kumtambulisha. Faragha yake ni amana niliyokabidhiwa.

Bajeti husikilizwa na kamati ya fedha ya kila upande: Ways and Means kwa Seneti, Appropriations kwa Baraza la Wawakilishi. Unajiandikisha kwenye tovuti ya Bunge, mwisho saa moja kabla ya kikao kuanza, na unaweza kuzungumza kwa video ukiwa nyumbani. Mara nyingi utapewa dakika moja au mbili. Basi andika sentensi sita, uzisome kwa sauti ukipima muda, na ombi lako liwe la kwanza. Lafudhi yako isikutie hofu, wanasikiliza. Ukikosa nafasi, maoni ya maandishi hupokelewa hadi saa 24 baada ya kikao kuanza.

Gavana anapotia saini, ana uwezo wa kufuta vipengele, kwa hiyo soma kilichobaki. Na malipo ya kwanza baada ya Julai 1 yakiingia, yalinganishe na kiwango kipya, mkazi kwa mkazi. Ukiona pengo, piga simu siku hiyo hiyo.