Usizigeuze nyaya kuwa bati

Juzi hapa Uyole kijana ninayemfundisha aliniletea faili lake la Geant4, programu ya kompyuta ya kuiga jinsi chembe zinavyopita ndani ya vitu. Nyaya za tungsteni zenye kipenyo cha mikromita 20, zilizoachana milimita 2, alikuwa amezigeuza bati moja lenye unene wa mikromita 0.16. Uzito ni uleule, lakini jibu ni jingine kabisa. Bati huipunguzia nishati kidogo kila alfa (chembe nzito inayotoka kwenye mionzi) inayopita. Nyaya halisi huachia 99 kati ya 100 zipite bila kuguswa, na hiyo 1 inayobaki ndiyo inayoumia.

Basi chora kila waya kama silinda. Alfa ya amerisiamu-241, chanzo chetu cha mionzi, hupenya tungsteni kama mikromita 10 tu: ikigonga katikati inasimama, ikiparuza ukingo inatoka imechoka. Hizo zilizochoka ndizo zinazochora mkia wa chini kwenye grafu ya nishati, tafadhali usizifute. Ndani ya waya, hatua (umbali ambao programu huisogeza chembe kwa kila hesabu) isizidi mikromita 1.

Zitawanye chembe kwenye milimita 2 zote za kati ya waya na waya. Ukizirusha moja kwa moja mbele kutoka nukta moja katikati ya nyaya, utaona nyaya hazina athari yoyote.

Kati ya chembe 10,000, kama 100 tu hugonga waya, na hapo shaka ya kitakwimu kwenye idadi hiyo ni asilimia 10. Rusha milioni. Mimi huiacha kompyuta usiku kucha.

Halafu hewa: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukiacha hewa ya usawa wa bahari, alfa itasimama kwenye sentimita 4, ilhali huku kwetu inakaribia 5. Rekebisha msongamano wa hewa kwanza, kisha endesha mara mbili, pamoja na nyaya na bila nyaya, utoe tofauti.