Jinsi ya kuchagua sato mbichi Mwanza na kumpika mchemsho nyumbani ukaeleweka

Wapenzi wa jikoni leo tuongee sato. Mtu unaishi Mwanza, ziwa unaliona ukiwa unaanika nguo, halafu unakula samaki aliyelala kwenye barafu mpaka jicho limezama, hapana jamani, tujipende. Mchemsho mtamu hauhitaji mambo mengi kabisa, unahitaji samaki wa leo, chumvi, limao na mpishi asiye na haraka ya kukoroga, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yangu itakuwa sokoni maana ukikosea kule hata uweke viungo vya duka zima hauokoi kitu.

Tuanze na wapi. Wengi wakisikia samaki Mwanza wanawaza Mwaloni Kirumba, na ni kweli pale ni pakubwa, ila nguvu ya Mwaloni ni dagaa na samaki wakavu, mizigo inayopakiwa pale inafika mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Kama unataka sato wawili watatu wabichi wa kula nyumbani, tafuta mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, ulio karibu na wewe uende asubuhi, kuanzia saa 12 hivi mpaka saa 2, maana wavuvi wengi wa nyavu wanatega jioni na kutegua alfajiri, ukichelewa unakuta wenye migahawa na wachuuzi wameshabeba wale wazuri. Ukishindwa asubuhi basi akina mama wa jioni mtaani wapo na wengi ni waaminifu, jenga mazoea na mmoja, awe anajua kabisa wewe ni mteja wake, siku samaki ni wa jana atakwambia mwenyewe pita kesho. Na ujue miezi ya Juni mpaka Agosti upepo ukishika ziwa linachafuka, mitumbwi midogo haiingii sana, hapo usishangae bei imepanda na samaki ni wachache.

Sasa ukifika usianze na bei. Salimia kwanza, mwangaluka mayu, hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, afu mwambie mama naomba unifunulie shavu nione. Shavu, yaani matamvua anayopumulia, ndo kila kitu. La samaki wa leo linakuwa jekundu la damu, linang'aa na lina ute mwepesi usio na rangi, la jana linaanza kuwa la pinki iliyopauka, na likishakuwa la kahawia au kijivu na ute mzito unaovutika, mshukuru mama na uende meza nyingine. Jicho liwe jeupe safi pembeni, jeusi katikati na limetuna, lisiwe na ukungu. Mbonyeze na kidole pale juu karibu na uti wa mgongo, nyama inatakiwa irudi palepale, shimo likibaki huyo kachoka. Angalia na tumbo, likiwa limelegea au limeanza kupasuka ujue utumbo umeanza kuoza ndani hata kama kwa nje anapendeza. Na harufu, sato mbichi ananukia maji na majani ya ziwani, hanuki samaki, sijui kama mnanielewa, ile harufu kali tunayoita ya samaki ni ya samaki aliyekaa.

Kingine angalia maji. Kuna wauzaji wanamwagia samaki maji kila baada ya dakika mbili ili ang'ae, sio vibaya maana jua la Mwanza ni kali, ila wewe usidanganyike na mng'ao wa maji, rudi kwenye shavu.

Ukubwa, mi napenda wa nusu kilo mpaka gramu 700, mmoja anatosha watu wawili na anaiva vizuri bila kuvurugika. Wadogo sana achana nao, kwa kanuni sato wa ziwani asipungue sentimita 25, na tukiendelea kununua vile vitoto vya sahani moja sita kesho na keshokutwa tutakula nini. Siku hizi pia kuna sato wa vizimba, wanafugwa humohumo ziwani na kulishwa, mara nyingi wananona na wana mafuta mengi tumboni, ni wazuri sana kwa kukaanga au kuchoma, kwa mchemsho mi bado namchagua wa kuvuliwa, nyama yake imekaza zaidi na supu inakuwa nyepesi. Sangara naye anafaa mchemsho, hasa kichwa, kina mafuta kweli, ila ana supu nzito na ni pishi lake lingine tutaliongelea siku yake.

Kuparua mwachie muuzaji, wana mkono mwepesi na unampa hela kidogo tu, ila mwambie asipasue nyongo, na mwambie akuachie kichwa!! Kichwa cha sato ndo utamu wa supu, kukitupa ni hasara. Ukifika nyumbani usimwamini mtu, osha tena mwenyewe. Fungua tumbo, ndani utaona utando mweusi umebandika kwenye mbavu, huo ndo wengi wanauacha halafu wanalalamika samaki ana ka uchungu na harufu ya tope. Chukua chumvi ya mawe au ya kawaida, sugua na kidole gumba kuanzia shingoni kwenda mkiani, unatoka vipande vipande kama karatasi iliyolowa, ukimaliza utaona nyama nyeupe kabisa. Chini ya uti kuna mstari wa damu iliyoganda, upasue na ncha ya kisu uutoe. Toa mashavu yote mawili, suuza, mkate vipande vitatu, kichwa, kiuno na mkia, mpake chumvi na limao nusu, dakika 15 zinatosha. Usimlaze kwenye limao saa nzima, nyama inaanza kuiva na asidi na ukipika inamumunyuka.

Haya jikoni, nahesabia samaki wawili, watu wanne. Viazi mviringo vinne, karoti mbili, kitunguu maji kikubwa kimoja, nyanya tatu, hoho moja, nyanya chungu nne ukipenda, bamia sita hivi, kitunguu swaumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba umetwanga pamoja, pilipili mbuzi moja nzima, limao moja na nusu. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja tu, au usiweke kabisa. Kama una ndizi za Bukoba weka badala ya viazi, inapendeza mno, ila zimenye ukiwa umepaka mafuta mkononi ule utomvu usikung'ang'anie.

Kwenye sufuria pana, pana ndo muhimu ili samaki walale mstari mmoja wasibebane, tandika kitunguu, nusu ya nyanya, viazi na karoti, weka ule mtwango, chumvi, maji yafunike tu mboga, funika uache vichemke dakika 10 mpaka 12, kiazi kiwe kinaingia uma kwa shida kidogo. Hapo sasa ndo unapanga samaki juu, vichwa chini kidogo maana vinachukua muda, katikati unaingiza nyanya chungu na bamia, juu unamalizia hoho na nyanya zilizobaki, pilipili mbuzi unaiweka nzima na kikonyo chake isipasuke, inatoa harufu bila kuwasha, wanaotaka kuwashwa watajipasulia kwenye sahani yao. Ongeza maji ya moto kidogo yafike nusu ya samaki, sio kumzamisha. Funika, moto wa wastani, kama unatumia mkaa punguza kidogo.

Na hapa nawaomba sana, usiingize mwiko. Samaki hakorogwi. Ukitaka vichanganyike shika sufuria masikio yote mawili na kitambaa, izungushe taratibu kushoto kulia basi. Dakika 10 mpaka 12 za mvuke zinamtosha, utajua kaiva ukiona nyama imekuwa nyeupe isiyopitisha mwanga na inaachia mfupa ukigusa na uma. Zima, kamulia limao lile zima, funika tena dakika tano ndo upakue. Limao ukiliweka mwanzoni likachemka muda mrefu harufu yake nzuri yote inakimbia, unabaki na ukali tu. Hakuna kiungo cha pakiti hapo, hakuna cha kuongeza ladha, na ukionja ile supu utakubaliana na mimi kwamba haikuwa na haja.

Cha kulia ni ugali, wa dona au wa muhogo, wa muhogo ndo haswa kwa sisi wa kanda ya ziwa, ukiwa haujauzoea changanya unga wa muhogo na wa mahindi nusu kwa nusu ukaze kidogo. Wali nao sawa tu.

Kikibaki, toa samaki weka pembeni, kesho yake pasha supu peke yake mpaka ichemke sawasawa, ndo umrudishe samaki humo apate moto mpaka ndani, akishapata epua, akikaa sana kwenye moto anakauka anakuwa nyuzinyuzi. Kama ulinunua wengi wa kuhifadhi, waoshe, wakaushe na kitambaa safi, kila mmoja mfuko wake afu friza siku hiyohiyo, sio wakae frijini siku mbili ndo uwakumbuke.

Na siku ambayo sato kapanda bei usiumize kichwa, dagaa wapo. Ila nao wana msimu wao ndani ya mwezi, wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti na wavuvi wengi wanapumzika, bei inapanda, nunua giza likirudi. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, wanang'aa rangi ya fedha na ukiwasugua kiganjani hawaachi mchanga, wale wa kuanikwa chini hata uwaoshe maji manne bado vitu vinalia kwenye meno. Nunua sado nzima, toa vichwa ukiwa unapiga stori na watoto, osha na maji ya vuguvugu, anika juani wakauke tena, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta mpaka walie kacha kacha. Waache wapoe kabisa ndo uwafungie kwenye ndoo yenye mfuniko, ukiwafungia wa moto wanatoa jasho wanaota ukungu. Siku ya kupika ni kitunguu, nyanya, na karanga za kusaga vijiko vitatu, dakika 15 mboga iko mezani.