Uliza kwanza, bei baadaye: ninavyoendesha kazi ya kuandikia wafanyabiashara

Mteja akikupigia simu na kusema, "Nataka uniandikie maneno mazuri ya bidhaa yangu," usimtajie bei. Muulize maswali. Usipouliza utaandika yale yale ambayo jirani yake ameshayaandika, naye atakulipa kwa shingo upande kwa sababu haoni ulichoongeza.

Mimi naandikia wafanyabiashara wa Dar es Salaam na wa mikoani: lebo, vipeperushi, kurasa za tovuti, matangazo ya Instagram na WhatsApp, profaili za kampuni zinazopelekwa kwenye zabuni. Katika kazi zote hizi naamini jambo moja. Kile mteja anachonunua kwako ni maswali yako kabla hujaandika. Sarufi safi na tahajia sahihi ni wajibu wako tu, hazikutofautishi na mwingine.

Maswali yangu ya kwanza huwa haya. Nani atasoma? Atasomea wapi: kwenye simu ndani ya daladala, kwenye karatasi aliyopewa maonyeshoni, au kwenye chupa aliyoishika dukani? Akimaliza kusoma unataka afanye nini: apige simu, aje, atume oda? Nani mwenye neno la mwisho kuhusu maandishi haya? Halafu linafuata swali ninalolipenda kuliko yote: wateja wako wakikupigia, huuliza nini kwanza?

Nichukue mfano wa asali. Mama mmoja anayeleta asali kutoka Sikonge, mkoani Tabora, alinitumia maneno aliyotaka yakae kwenye lebo: "Asali bora, safi, ya asili, yenye ubora wa hali ya juu." Ingia duka lolote linalouza asali, usome chupa zilizopangwa rafuni. Zote zinasema hivyo, kwa hiyo hakuna inayosema kitu. Nikamuuliza, "Mama, wanunuzi wako wanakuuliza nini?" Akajibu papo hapo: wanauliza kama imechanganywa na sukari, na wengine wanairudisha ikiganda wakidhani wameuziwa feki.

Hapo lebo ilikuwa imeshajiandika. Nilichompelekea kilikuwa hiki:

"Imerinwa katika misitu ya miombo, Sikonge, Tabora. Imechujwa tu, haikuongezwa sukari wala maji. Ikiganda haijaharibika: weka chupa kwenye maji ya moto kiasi, italainika. Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja."

Kabla ya kuandika "haikuongezwa sukari" nilimuuliza anajuaje. Ananunua kwa warinaji wa wapi, nani anaichuja, na je, yeye mwenyewe huwepo? Sentensi ya namna hiyo ni ahadi kwa mnunuzi, na mwandishi anayeiandika bila kuuliza anashiriki kumdanganya mtu aliyetoa pesa yake. Suala la kuganda ni la kawaida kwa asali halisi, sukari yake ya glukosi hujikusanya kuwa chembe. Na lile onyo la mtoto mchanga ni la kiafya kabisa, kwa kuwa asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa umri huo haliwezi kuvikabili. Mama hakuwa ameliomba. Aliposikia sababu alikubali bila kubisha.

Tulipovutana ni kwenye neno "inatibu". Alitaka iandikwe kwamba asali inatibu vidonda vya tumbo. Nilimwambia, "Mama, hilo tuliache." Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Chakula kinachojitangaza kuwa kinatibu ugonjwa kinamwingiza mwenye biashara kwenye maswali ambayo hana ushahidi wa kuyajibu. Lakini hata kama mamlaka zisingekuwepo nisingeandika. Kuna mtu anaumwa tumbo, atasoma ile lebo, atanunua chupa, ataahirisha kwenda hospitali. Kataa maneno ya aina hiyo kwa upole, toa sababu, na mpe mteja sentensi nyingine ya kweli iliyo na nguvu. Ukimkatalia halafu ukamwacha mikono mitupu, atakwenda kwa mwingine ayaandike.

Bei

Usikubali kulipwa kwa neno kwa kazi ya Kiswahili. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendewa kwa pamoja, hivyo ukihesabiwa kwa neno unapunjwa ukilinganishwa na anayeandika Kiingereza ujumbe ule ule. Isitoshe, lebo ya maneno thelathini inaweza kula muda mrefu kuliko makala ya kurasa mbili. Toza kwa kazi.

Namna ya kupata bei ya chini kabisa ni hii. Tuseme kwa mwezi unahitaji 900,000 ili ulipe kodi ya nyumba, chakula, bando, umeme na akiba kidogo. Usigawe kwa siku 26. Siku nyingi zitaliwa na kutafuta wateja, kuongea nao, kufuatilia malipo na kukaa kwenye foleni za ofisi. Chukua siku 12 tu kuwa za kuandika hasa. 900,000 ukigawa kwa 12 unapata 75,000 kwa siku. Kazi ya siku mbili, ukijumlisha mahojiano na marekebisho, haiwezi kushuka chini ya 150,000. Hiyo ndiyo sakafu yako. Mteja akija na 60,000, punguza kazi, usipunguze bei: mwandikie lebo peke yake, kipeperushi kisubiri.

Kwa mteja wa ndani ya nchi taja bei kwa shilingi. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa Tanzania, kwa hiyo ile tabia ya kuwapa kampuni za utalii bei ya dola iache.

Makubaliano

Ukurasa mmoja unatosha. Andika kazi ni nini hasa, itakabidhiwa lini, bei ni ngapi, kianzio ni kiasi gani, marekebisho ni mara ngapi, na nani anaidhinisha. Mimi nachukua nusu kabla ya kuanza, na marekebisho mawili yamo ndani ya bei. Itume kama PDF kwa WhatsApp au barua pepe, umwombe mteja ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Mteja mkubwa atakuletea mkataba wake mwenyewe. Usome wote.

Neno "marekebisho" ndilo linaloleta ugomvi mwingi, basi lieleze. Mwenye shule ya awali ameagiza kipeperushi cha kuandikisha watoto. Umempelekea rasimu, akasema aya ya pili ni ndefu, ada iwekwe juu, picha ya basi la shule itajwe. Hayo ni marekebisho. Kesho yake anasema, "Dada, tumeamua tufungue na msingi, kipeperushi kihusu shule zote mbili." Hiyo ni kazi mpya. Mjibu mapema, kabla hujagusa kibodi:

"Hongera sana, mwalimu, kwa hatua hiyo. Kipeperushi tulichokubaliana ni cha awali. Cha shule zote mbili kinahitaji mahojiano mapya na mpangilio mpya, nitakuletea bei yake leo jioni. Je, tumalize hiki kwanza au tukisimamishe?"

Na kuhusu mwidhinishaji, sisitiza awe mtu mmoja. Kikundi cha WhatsApp chenye mkurugenzi, mkewe, mhasibu na shemeji anayejua Kiingereza kitaiua kazi yako. Wajadiliane wao, wakuletee maoni kupitia mmoja.

Ongeza mstari kuhusu hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, nayo inalinda maandishi. Mimi naandika kwamba haki ya kuyatumia inahamia kwa mteja malipo yote yakikamilika. Kwa zahanati, shule na vikundi vya akiba naongeza jingine: ushuhuda wa mtu wenye jina au picha yake unahitaji ridhaa ya maandishi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa. Mgonjwa aliyepona hajatoa ruhusa ya kuwa tangazo.

Kabla ya kukabidhi

Soma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, ikate. Ifungue rasimu kwenye simu, maana huko ndiko itakakosomwa. Kama ni ujumbe mfupi wa kutumwa kwa wateja wengi, kumbuka SMS moja ni herufi 160 pamoja na nafasi, na ikizidi mteja wako anatozwa mbili. Kata salamu ndefu kwanza, kisha sifa.

Halafu piga namba ya simu iliyoandikwa. Ipige kweli, usiiangalie kwa macho tu, na umsikie anayepokea. Vipeperushi elfu mbili vyenye tarakimu moja iliyokosewa haviwezi kuokolewa na lugha nzuri. Linganisha tarehe na siku kwenye kalenda. Kwenye saa andika "saa 2:00 asubuhi", hasa kama kuna wageni watakaosoma tafsiri, kwa kuwa mhariri wa Kiingereza asiyejua hesabu yetu ya saa ataandika 2:00 badala ya 8:00.

Wateja wengine sasa wanasema, "Hii si naweza kuandikiwa bure na akili mnemba?" Usikasirike. Programu hizo zitampa aya safi yenye "ubora wa hali ya juu" ndani ya sekunde chache. Hazitampigia mama wa Sikonge kumuuliza nani anachuja asali, wala hazitajua wanunuzi wake wanarudisha chupa kwa sababu gani. Mweleze hivyo, kisha mpe mfano wa kazi yako, maandishi ya zamani na mapya yakiwa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Huo ukurasa mmoja unauza kuliko wasifu wako wote. Omba ruhusa ya mwenye kazi kabla ya kuuonyesha.

Pesa

Chukua TIN ya biashara, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Ni bure. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, utahitaji namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Bila hivi utabaki na wateja wa kulipa kwa simu tu, na kampuni au taasisi yenye malipo mazuri haitaweza kukupa hati ya ununuzi. Waulize TRA kuhusu mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, mapema, usingoje siku ambayo mhasibu anaidai risiti.

Taasisi ikikulipa itakata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa huduma za mkazi. Ankara ya 400,000 inaingia 380,000. Hujaibiwa. Ile 20,000 imekwenda TRA kwa jina lako, na unapaswa kudai cheti chake kutoka kwa mhasibu ili ihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Watu wengi hawakidai, wanalipa mara mbili.

Wateja wadogo wape Lipa Namba, au wakituma kwa namba ya kawaida waombe waweke na ya kutolea. Liandike kwenye makubaliano, kwa kuwa kuliomba baada ya kazi kunaonekana ni kudai ziada.

Kufuatilia deni kunahitaji adabu na tarehe. Ujumbe wangu huwa hivi: "Shikamoo mzee. Poleni na kazi. Ankara namba 14 ya profaili ya kampuni ilipaswa kulipwa Ijumaa tarehe 9. Naomba kujua itaingia siku gani ili nijipange." Taja siku, taja ankara, omba siku. Usieleze shida zako za nyumbani. Ukijibiwa "kesho", kesho yake jioni andika tena, kwa upole ule ule. Asipolipa, kazi yake inayofuata haianzi mpaka la kwanza liishe, hata kama ni ndugu yako.

Misimu

Panga mwaka wako kwa kalenda ya wateja. Taasisi nyingi za umma mwaka wao wa fedha unaisha Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni wanahangaika kumalizia bajeti, na ripoti zilizokwama zinahitaji mhariri wa haraka. Wajasiriamali wa Sabasaba wanataka lebo na vipeperushi kabla ya maonyesho, na wachapaji wa Kariakoo huwa wameelemewa wiki za mwisho za Juni. Mteja wa Sabasaba mwambie mwanzoni mwa Mei kwamba ukomo wa kuidhinisha ni katikati ya Juni. Nanenane inafuata Agosti, na huko wapo wauza mbegu, mashine na mifugo, ambao wengi hawajawahi kuandikiwa na mtu. Ramadhani ina kazi ya matangazo ya futari, nguo na zawadi za Idi, ila mwezi unahama kila mwaka, basi uangalie kwenye kalenda ya mwaka husika.

Shule binafsi zinaandikisha wanafunzi wa Januari. Anza nazo Septemba. Nenda na mfano wa ukurasa mmoja, mwombe mwalimu mkuu akueleze maswali matatu ambayo wazazi humuuliza kila mwaka getini, na uyaandike mbele yake kwenye daftari.