Unataka kununua nyumba ya barabarani? Tulia kwanza

Juzi kuna kijana wetu kanipigia, furaha imemjaa anaongea bila kumeza mate, kapata nyumba njia ya Fuoni hapa Unguja, vyumba vitatu na ukumbi, barabara ipo mlangoni kabisa, "yaani mjomba ukitoka tu ushapanda gari". Nikamwambia kabla hujatoa hata senti ya arbuni nipe dakika kumi. Dakika kumi zikawa saa nzima mpaka salio likamwishia, kwahiyo naandika hapa yote mana najua si yeye peke yake anaetamani. Mie nyumba ya barabarani nilishanunua na ndo naishi ndani yake mpaka leo. Kilichobaki chake.

Yale yanayojulikana nayapita haraka. Maji yanatoka au paipu ni pambo, fungua mfereji uone. Mita ya umeme kwa jina la nani na ina deni gani. Choo, karo, bati, mchwa. Haya.

Nyumba ya urithi wasaini warithi wote, na nikisema wote nakusudia hadi yule dada alieolewa Mkoani kule Pemba ambae kaka zake wanakwambia "huyo hana neno". Huyo ndo mwenye neno. Uliza pia kama si wakfu, mana wakfu hauuzwi hata aliekuuzia awe kavaa kanzu na kilemba. Na ukumbuke Zanzibar ardhi yote ni ya umma, mambo ya baada ya Mapinduzi hayo na sheria ya 1992 ikayaandika, wewe unachopata ni haki ya kuitumia pamoja na jengo na vipando. Karatasi mlioandikiana kwa sheha (kiongozi wa serikali mtaani) na mashahidi wawili ni nzuri, iweke, lakini haitoshi, kuna Bodi ya Uhamisho wa Ardhi na huko lazima upite. Watu wanaona uzito, wanasema aah tunajuana. Na miti uliza ya nani, kwetu sisi mnazi unaweza kuwa wa mtu na kiwanja cha mwengine, utakuja kuona mtu kapanda juu anaangua madafu uwani kwako na ana haki zake.

Sasa tuje kwenye barabara yenyewe.

Usende kuangalia nyumba Jumapili saa nne asubuhi. Dalali atakupeleka wakati huo makusudi, barabara imetulia, upepo unavuma, unaona raha. Nenda siku ya kazi saa moja kasoro asubuhi watoto wanakwenda skuli na makonda wanapiga kelele. Nenda usiku wa manane. Na kama unaweza nenda mwezi wa Ramadhani jioni kabla ya Magharibi, uone watu wazima wenye ndevu zao wanavyoendesha vespa wakiwahi futari, utadhani wanakimbizwa.

Tizama na matuta. Mie nilivyoona tuta mbele ya nyumba nikashukuru, nikasema gari zitapunguza mwendo watoto watasalimika. Kweli zinapunguza. Lakini gari ya kifusi ikiwa tupu ikipanda lile tuta bodi linaruka linarudi chini gbaam, saa tisa ya usiku, halafu dereva anaingiza gia kwa hasira anaondoka zake na moshi wake anakuachia. Mke wangu alikuwa na vikombe vya harusi kabatini, tukafika pahala tunajua gari gani imepita bila kuchungulia: vikigongana vikombe peke yake ni gari ya abiria, vikombe na mlango wa kabati ni kifusi, na ikitikisika na bati ujue imepita ile inayobeba katapila. Baada ya mwaka kona zote za madirisha zina ufa. Kwahiyo ukienda kuangalia nyumba kama hiyo pita kona za madirisha na milango moja moja, na pakiwa pamezibwa saruji mpya uliza pamezibwa nini.

Vumbi sijui kama kuna haja ya kusema. Pemba shangazi yangu alikuwa anaanika karafuu zake kwenye jamvi kando ya barabara kama wanavyoanika wenzake, sehemu ile lami haijafika bado, jioni akizikusanya anapepeta vumbi kuliko karafuu. Nguo nyeupe sahau. Asie na pumu ataijua.

Kituo cha gari kikiwa karibu ni neema na ni balaa, inategemea na baraza yako. Ukiwa na baraza nzuri yenye kivuli basi ile si baraza yako tena, ni ya abiria. Watakaa, watakula machungwa watupe maganda, na wewe mwenyewe ukitaka kukaa unaomba upishwe. Huwezi kuwafukuza, utasemwa mtaa mzima.

Usawa wa barabara na nyumba huu watu wengi hawauangalii. Simama katikati ya barabara (tizama gari lakini) uone kizingiti cha mlango kiko juu yako au chini yako. Barabara kila ikitengenezwa inanyanyuka, wanaweka kifusi, wanashindilia, wanamwaga lami, nyumba yako iko pale pale. Kuna nyumba nazijua zamani ulikuwa unapanda ngazi mbili kuingia, leo unashuka. Na maji ya masika hayana adabu, yakitoka barabarani yanatafuta pa kushuka na pa kushuka ndo kwako. Waliokuwa wakipita Mwanakwerekwe na Kibondemzungu miaka ile kabla ya daraja wanajua maji ya masika yakiamua kukaa yanakaa. Uliza mtaro upo wapi na unaishia wapi, mana mitaro mengine inaishia uwani kwa mtu.

Haya sasa lile langu.

Nyumba yangu niliinunua kwa mzee mmoja, jina nalihifadhi, mtu wa msikitini na tasbihi mkononi. Vyumba vinne, baraza mbele ina viti viwili vya saruji, na mbele ya baraza mwembe mkubwa sana. Ule mwembe ndo ulionimaliza. Nikajiona nimekaa chini yake nakunywa kahawa nasalimia watu. Nilivyokwenda mara ya kwanza ukuta wa mbele umepakwa chokaa mpya, nyeupe pee, mpaka ukigusa inakushika mkononi. Kuta za pembeni nyeusi za ukungu, nyuma hapajaguswa tangu ijengwe. Nikamuuliza mzee mbona mbele tu? Akacheka akasema Sikukuu ilikuwa imekaribia na pesa ikamwishia. Na mie nikacheka. Wallahi nikicheka hivi leo najisikia vibaya.

Tukaandikiana, nikalipa, tukahamia mwezi wa Februari, jua kali na kaskazi inapuliza. Ikaja masika. Mvua ya siku ya tatu ile ya kupiga kwa pembeni, asubuhi natoka naona chokaa inatiririka ukutani kama maziwa, na chini yake kuna wekundu. Nikasema watoto hawa washachora. Nikachukua kitambaa nikafuta, kadiri ninavyofuta ndo inavyozidi kuonekana. Namba. Namba imeandikwa kwa rangi nyekundu kubwa, na mshale. Nikenda kwenye mwembe, upande wa nyuma ambao sijawahi kuuzunguka, na wenyewe una namba yake, hii hata chokaa hawakuihangaikia.

Jirani yangu anakaanga mihogo pale pembeni. Nikamuuliza hizi namba za nini? Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Hizi si za wapima barabara hizi? Mzee alishalipwa hapa." Nikamwambia kalipwa nini. Akasema, "Fidia. Baraza, chumba cha mbele na mwembe. Mie nikajua wewe unajua, nikajua ndo umepunguziwa bei."

Hajanipunguzia hata mia.

Ndo hivyo. Barabara ilikuwa na mpango wa kutanuliwa, wakapita wakapima, wakathamini majengo na vipando, mzee akapiga dole gumba akachukua pesa yake halali kabisa, halafu kazi ikachelewa kuanza kama kazi zinavyochelewa, na yeye akaona kuna nafasi pale katikati ya kulipwa na kubomolewa. Akanunua mfuko wa chokaa. Mtaa mzima unajua, sheha wetu wakati ule mgeni hajui, na mie sikuuliza mtu kwa sababu niliona nikiuliza sana majirani watapandisha bei au watampelekea mwengine. Tena dalali ndo alienitia hofu hiyo, "usiseme seme, kuna mtu wa Dubai anaitaka". Ukisikia mtu wa Dubai kimbia.

Nilivyokwenda kuulizia kwenye orodha nikaliona jina la mzee na alama ya kidole chake. Hapo hakuna wa kumlaumu, serikali ishalipa, hailipi mara mbili kwa mwembe mmoja. Nikamrudia mzee tukakalishwa na wazee wa mtaa, akakubali kurejesha kidogo kidogo, akarejesha mara tatu, baada ya hapo simu yake haipatikani na watoto wake wanasema yuko shamba. Shamba gani hawasemi. Notisi ikaja mwaka uliofuata. Baraza niliivunja mwenyewe kwa nyundo, nikasema bora nipate matofali yangu kuliko lije katapila, viti viwili vya saruji vile vikatoka vizima sasa viko uwani anakalia kuku. Mwembe ulikatwa siku moja, kuanzia asubuhi mpaka Laasiri. Saivi mlango wangu wa mbele ni uliokuwa mlango wa chumba cha pili, ukifungua unaiona barabara hapo hapo, na mgeni akibisha hodi nusu ya mwili wake iko njiani.

Kwahiyo nilichomwambia yule kijana ni hichi. Usiridhike na alama iliopo ukutani, tafuta iliofutwa. Ukuta wa mbele ukiwa mpya na pembeni chakavu, chukua kitambaa uroweshe maji usugue, mwenye nyumba akikasirika ushapata jibu. Zunguka kila mti. Halafu nenda kwa wanaohusika na barabara na wa ardhi uulize kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa dalali: hapa pana mpango gani, mpaka wa barabara unafika wapi, na kuna mtu ashalipwa fidia kwa nyumba hii? Swali hilo la mwisho liulize hivyo hivyo lilivyo. Mie nilijibiwa siku ile ile, tatizo nilikwenda nishanunua. Na msichukue zile mita 30 za hifadhi ya barabara kila upande mnazozisikia Bara mkaja kupimia hapa, ile sheria ya barabara ya kule, huku tuna zetu. Waje wakupimie kuanzia katikati ya barabara na utie kigingi ukione.

Na uliza majirani, tena si wale waliokaa na mwenye nyumba. Uliza muuza mihogo. Uliza watoto, watoto hawajui kuficha, wangu aliniambia baadae kuwa wenzake skuli walikuwa wakiita kwetu "nyumba ya kuvunjwa" tangu wiki ya kwanza.

Vyengine ni vidogo vidogo. Gari yako utaigeuzia wapi. Geti lifunguke kwa ndani. Mtoto anaetambaa usimuamini hata sekunde, na mbuzi vilevile. Chumba cha kulala kiwe nyuma. Dirisha la mbele tia nondo, mana mpita njia mkono wake mrefu na simu inachajiwa pale pale dirishani. Jaa la mtaa liko wapi, mana linahama. Msikiti, banda la video, karakana ya kuchomea vyuma, vyote nenda ukavisikilize. Yule kijana kaniambia atakwenda na kitambaa kesho. Nimemwambia achukue na ndoo.